Kabla Hujakaa Kumtathmini Daktari wa Familia Aliye Mafunzoni

Mgonjwa aombwe ruhusa ya wewe kukaa na kutazama akihudumiwa, kabla hajaingia chumbani, tena na mtu wa mapokezi. Ukimwomba wewe, umeshakaa na fomu mkononi, nani atakataa? Kiti chako kiwe pembeni, simu izimwe. Hatari isipotokea, nyamaza.

Kubaliana na mwanafunzi mapema utatazama nini: anavyochukua historia, anavyopima au anavyoeleza matibabu. Wagonjwa usimwachie achague peke yake, la sivyo utaletewa mafua na presha iliyotulia mpaka mafunzo yaishe. Mtafutie mzee mwenye mfuko wa dawa, mtoto mwenye homa, mtu anayelia. George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, alipochora piramidi yake ya ngazi za kupima umahiri mwaka 1990, kileleni aliweka kile daktari anachokifanya kazini, juu ya anachokijua na anachoweza kukionyesha kwenye mtihani. Hicho ndicho ulichokuja kukiona.

Sasa fomu. Ijazwe siku hiyohiyo, na iseme kitu. Nilifanya kazi karibu na daktari mmoja hodari wa vitabu, ila mwenye haraka. Mama anasema, "Kifua kinabana, halafu usiku huwa..." na yeye keshadakia: "Kinabana upande gani?" Habari ya usiku ikaishia hapo. Wasimamizi wake walilijua hilo, wakalizungumza kwenye chai, kisha kila mmoja akaandika "anaendelea vizuri", maana kijana ni mpole na foleni nje ni ndefu. Tathmini ya mwisho ilipofika, jopo likajionea lenyewe, likamwongezea miezi sita. Akafungua faili lake mbele yao, fomu baada ya fomu, akauliza ni ipi iliyowahi kumwambia kwamba anakatiza watu. Hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo andika: "Alimkatiza mgonjwa mara mbili kabla hajamaliza maelezo." Halafu mpe cha kujaribu kesho. Mwambie ana kwa ana, mlango umefungwa, kabla hajakisoma kwenye karatasi.

Mtathmini mmoja hatoshi. Waulize na wauguzi, wao humwona wewe ukiwa haupo. Jina la mgonjwa lisiingie kwenye fomu. Kama mwanafunzi ametoka zamu ya usiku, ahirisha. Kama mmegombana wiki hii, mpishe mwenzako. Na ukiona jambo linalohatarisha wagonjwa, fomu isubiri, mkuu wa mafunzo apate habari leo.