Jinsi ya kusoma takwimu za raifo na vifo vya risasi Marekani bila kupigwa chenga

Kila likitokea shambulio Marekani grupu letu la WhatsApp linawaka, mmoja anasema raifo ndo zinamaliza watu, mwingine anajibu mbona ngumi zinaua kuliko raifo, na kila mtu anatupia screenshoti ya jedwali lake. Mi navyofanya ni hivi, unahitaji bando na kalkuleta tu.

Kwanza jua unauliza nini maana vifo vya risasi sio lazima viwe mauaji. Ingia tovuti ya CDC, idara ya serikali ya Marekani inayofuatilia magonjwa na vifo, wana mtambo wa data unaitwa WONDER, bure kabisa, unasoma kutoka vyeti vya vifo. Chukua 2019: waliokufa kwa risasi 39,707. Kati yao 23,941 walijiua, 14,414 waliuawa, waliobaki ni ajali, waliopigwa na polisi na ambao haikujulikana. Yaani sita kati ya kumi ni kujiua! Mtu akikutupia hiyo elfu 39 huku anaongelea majambazi mwambie apoe kwanza.

Sasa raifo zenyewe. WONDER hapa haikusaidii sana, msimbo wa chanzo cha kifo X93 ni wa bastola, X94 umechanganya raifo na shotigani, afu X95 ni kapu la "nyingine na zisizotajwa" na mauaji mengi yanaangukia humo. Hamia FBI, wapelelezi wa serikali kuu wanaokusanya takwimu za uhalifu, tafuta jedwali la silaha zilizotumika kwenye mauaji. 2019 inasomeka hivi: waliouawa 13,927, kwa bunduki za aina zote 10,258, bastola 6,368, raifo 364, shotigani 200, ngumi na mateke 600. Umeona jamaa wa ngumi alikoitoa? Hajadanganya. Ila shuka mistari miwili chini ya shotigani: bunduki ambayo aina yake haikutajwa, 3,281. Karibu theluthi nzima!

Piga hesabu. 364 gawanya kwa 10,258 unapata asilimia 3.5. Toa zile 3,281 zinabaki 6,977, gawanya tena, inakuwa 5.2. Raifo ni zile zile, ulichobadilisha ni unachogawanyia. Mi huwa naandika zote mbili na kwenye ile 3.5 naongeza neno "angalau", maana sioni namna zile 3,281 zote ziwe bastola.

Na kama uko makini umeshashtuka, mbona FBI wana 10,258 na CDC wana 14,414 mwaka ule ule? FBI wanategemea vituo vya polisi vitume taarifa na vingine havitumi kitu, CDC wana cheti cha kila marehemu. Kwa iyo usichukue namba ya juu huku na ya chini kule. Na 2021 FBI walibadili mfumo, New York na Los Angeles hawakuwemo, usiulinganishe mwaka huo na wa nyuma yake kama vile hakijatokea kitu.

Umiliki wa bunduki ndo kisanga. Sheria ya 1986 inakataza serikali kuu kuwa na rejista ya wamiliki, kilichopo ni makadirio. Small Arms Survey, watafiti wa silaha, walikadiria bunduki milioni 393 mikononi mwa raia 2017, kama 120 kwa kila watu 100, ila wenye nazo wanazo nyingi na wengine hawana hata moja. Watu wanakimbilia NICS, ile hesabu ya kukagua wanunuzi, na mi nilishaingia mkenge hapo, nikapanga majimbo Kentucky ikatoka kileleni nikaiposti kwa mbwembwe zote. Kumbe Kentucky wanawakagua upya wenye vibali vya kubeba silaha kila mwezi, mtu yule yule anahesabiwa mara kumi na mbili kwa mwaka hajanunua hata risasi. Niliifuta usiku ule ule. Siku hizi kolamu ya vibali naiacha, nachukua ya bastola na ya bunduki ndefu, nikijua ndefu ni raifo pamoja na shotigani.

Kwa umiliki wa kaya, RAND, taasisi ya utafiti, wana makadirio ya kila jimbo, mazuri tu, ila ndani yake wametumia pia sehemu ya watu waliojiua kwa bunduki, so ukiyatumia kupima kujiua unazunguka palepale.

Mwisho gawanya kwa idadi ya watu, zidisha kwa 100,000. 2019 Texas ilikuwa na watu kama milioni 29 na Wyoming hata laki sita hawakufika, maiti zilikuwa nyingi zaidi Texas ila kiwango kilikuwa juu Wyoming, na wengi huko walikuwa waliojiua. Ukichambua Wyoming kwa aina ya silaha WONDER itakuwekea neno badala ya namba, wanaficha chochote kilicho chini ya 10. Usijaze sifuri hapo, unganisha miaka mitano au zaidi mpaka namba itokee.