Somo: Kazi za hospitali kwa asiye na leseni ya uuguzi

Hatua ya kwanza: jiulize kama unataka kazi ya kumgusa mgonjwa. Kadiri unavyousogelea mwili wake ndivyo vibali vinavyodaiwa zaidi, na kazi nyingi za hospitali hazimgusi kabisa.

Hatua ya pili: chagua kitengo. Mapokezi mnapajua, napita. Wanaosahaulika ni watu wa kumbukumbu za afya. Wao huyageuza maandishi ya daktari kuwa msimbo wa kimataifa wa magonjwa: katika ICD-10, shinikizo la damu ni I10, malaria isiyotajwa aina ni B54. Kosea tarakimu moja, madai ya bima yanarudi. Aliyepitia darasa la uuguzi hatishwi na majina hayo, wala na mwandiko wa daktari.

Kuna pia utakasaji wa vifaa vya upasuaji, kazi ya watu makini wasiopenda kelele. Mkasi unaoshwa, unaachwa midomo wazi, ndipo unaingia otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa presha: nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15, au 134 kwa dakika 3. Dakika zinahesabiwa joto likishafika, si pale ulipofunga mlango. Mkasi wenye damu iliyokauka kwenye bawaba usiuamini, hata ukitoka wa moto.

Ufundi wa vifaa tiba, usaidizi wa famasi na ukalimani navyo vipo. Kutoa damu kwa ajili ya vipimo, sheria hutofautiana nchi na nchi. Uliza kabla hujalipa ada ya kozi.

Hatua ya tatu: kwenye barua ya maombi andika unachoweza kufanya. Habari za leseni watauliza wenyewe.

MASWALI

Nilimaliza chuo, mtihani wa leseni ukanishinda. Nifiche cheti?
– Usifiche. Jiite "mhitimu wa uuguzi", usijiite "muuguzi". Nchi nyingi jina hilo linalindwa na sheria.

Mimi ni msaidizi wodini. Nesi akizidiwa ananiambia, "Mchome huyo sindano." Nifanyeje?
– Kataa kwa adabu, dada: "Trei nakuletea, sindano choma wewe." Nami nilishatumwa hivyo. Nilisimama na trei mkononi kama mjinga, watu wananitazama, lakini sikuchoma. Mgonjwa akidhurika, utakaoulizwa ni mkono wako.

Otoklevu haiunguzi?
– Inaunguza vibaya sana. Usiguse mlango mpaka kipimo cha presha kisome sifuri, na ukiufungua simama pembeni.