Kondomu imepasuka au mlienda peku: cha kufanya na vipimo vya kuomba hapa Mwanza

Watu wengi asubuhi akili ikirudi wanakimbilia kipimo cha VVU cha kujipima kwa mate, kikileta mstari mmoja wanashukuru Mungu na kwenda zao kazini. Asee hicho kipimo hakijakwambia chochote kuhusu jana usiku. Kinatafuta kingamwili na mwili haujaanza hata kuzitengeneza, jibu hilo ni la mambo yako ya miezi iliyopita.

Cha haraka siku hiyo ni PEP, dawa za kuzuia VVU visishike baada ya tukio. Ni ARV za kumeza siku 28 mfululizo, mwisho wa kuanza ni masaa 72 toka tukio, na usidhani saa ya 70 ni sawa na saa ya 5, ukiwahi ndo inafanya kazi vizuri. Nenda Sekou Toure, Bugando au hospitali yoyote ya wilaya yenye CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), kama ni usiku au jumapili pitia emajensi, hakuna cha kusubiri jumatatu. Uko Ukerewe anzia Nansio, uko Sengerema anzia hapo hapo, masaa yasikuishie njiani. Na ukifika usizunguke eti "dokta najisikia vibaya kidogo", sema "nimefanya ngono bila kinga jana saa fulani, naomba PEP". Watakupima VVU kwanza, maana kama tayari unavyo utaanzishiwa matibabu kamili na sio PEP. Kichefuchefu siku za mwanzo kipo, meza hivyo hivyo usikatishe.

Wadada, P2 inazuia mimba tu, magonjwa hainaga habari nayo, kwa hiyo kumeza P2 na kurudi kulala sio kumaliza. Na kama ulilazimishwa nenda hospitali kabla ya kuoga na nguo ulizovaa usizifue, PF3 (ile fomu ya polisi) itajazwa ukiwa umeshaanza kuhudumiwa.

Sasa vipimo. Gono kwa mwanaume inajitangaza yenyewe, siku mbili mpaka wiki hivi unakojoa kama pilipili na usaha unatoka, ila kwa mwanamke mara nyingi kimya, na klamidia mara nyingi ni kimya kwa wote wawili, ndo maana kusema "sina dalili" hakusaidii. Hizo mbili pima ikifika kama wiki ya pili, na ukienda usikojoe saa moja au mbili kabla. Kaswende inatoa kidonda kama baada ya wiki tatu, hakiumi na kinapona chenyewe, mtu anajua yameisha kumbe ndo imeingia ndani, kwa hiyo damu ipimwe na irudiwe miezi mitatu. Omba na homa ya ini B, ukikutwa huna uliza chanjo. VVU pima wiki ya sita, rudia mwezi wa tatu, na kama ulimeza PEP hiyo miezi mitatu anza kuihesabu ulipomaliza dawa. Kupima VVU vituo vya serikali ni bure, hivyo vingine uliza bei kabla hujachomwa sindano, na uvitaje kwa majina kabisa maana ukisema "nataka kupima" utapimwa VVU tu uambiwe nenda.

Kinachoniudhi zaidi ni hii UTI yetu. Mtu anawashwa, anatoka uchafu, anaenda maabara ya mtaani anachovyewa kile kijiti kwenye mkojo, jibu "una UTI", anapewa sipro (antibayotiki ya ciprofloxacin), baada ya wiki mbili amerudi na "UTI sugu". Kile kijiti kinaona chembe za damu na dalili za bakteria, gono hakiijui wala klamidia hakiijui, na gono imeshaizoea sipro sehemu nyingi sana, haiiui tena, usaha unaweza kupungua ukajua umepona kumbe unaendelea kugawa. Usimeze dawa ya duka kabla ya kupimwa, unaharibu hata majibu. (Kingine, kama umekulia vijiji vya majaruba na malambo huko Kwimba au Misungwi na unakojoa damu, mwambie daktari akuangalie kichocho pia, kwa wanawake kinaleta uchafu na maumivu hadi wanahisiwa wana ugonjwa wa zinaa.)

Na haya sio madogo kisa sio VVU. Utafiti wa vijijini hapa hapa mkoani Mwanza uliochapishwa 1995 ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Ukiwa na kidonda au usaha mlango uko wazi.

Unaogopa kuonwa? Kama unafanya kazi soko la samaki la Mwaloni na kila mtu Kirumba anakujua, panda daladala kapimie Buzuruga au Igoma, hakuna anayekuuliza kwanini umetoka mbali.

Ukikutwa na kitu, mwenza atibiwe pia. Kama mdomo mzito omba kituoni kile kikaratasi cha kumwitia mwenza, yeye anakuja nacho bila maelezo mengi. Baada ya dawa kaeni siku saba wote wawili bila kufanya, na kondomu iendelee mpaka jibu la mwezi wa tatu litoke.