Kabla theluji haijaanguka: mfugaji wa Mongolia na maandalizi ya dzud

Wamongolia huita dzud ile baridi inayofagia mifugo. Ya 2009/2010 iliua wanyama wapatao milioni 10, na ya 2023/2024 zaidi ya milioni 7. Aliye mbali hudhani mifugo hiyo iliganda. Wengi hufa njaa, tena mwishoni, kati ya Februari na Mei, mafuta ya mwilini yakiwa yamekwisha na majani mapya hayajachipua. Kwa hiyo kinachoandaliwa ni unono wa mnyama na majani ya kufikia miezi hiyo.

Dzud haiji kwa sura moja. Nyeupe ni theluji nene juu ya malisho. Nyeusi ni kukosa theluji, na hapo kiu ndiyo huua, maana kondoo wa nyikani wakati wa baridi hunywa kwa kulamba theluji. Kisima kinachotoa maji Januari kijulikane mapema. Ya chuma ndiyo ya kuogopwa zaidi: theluji huyeyuka kidogo mchana, usiku ikaganda kuwa gamba linalochuna miguu. Kwenye theluji laini farasi hutangulizwa kuparua, kondoo na mbuzi wakafuata kula kilichofichuliwa. Mwenye mbuzi peke yao hana msaada huo, na wafugaji wa namna hiyo ni wengi siku hizi kwa sababu ya bei ya kashmiri, manyoya laini ya mbuzi, ingawa mbuzi huhimili baridi kidogo kuliko kondoo.

Malisho ya kambi ya baridi yasiguswe kiangazi chote. Vuli mifugo hupelekwa mbali kunenepa, safari iitwayo otor, na makubaliano na wenyeji wa huko yafanywe kabla ya kung'oa hema. Anayehama theluji ikiwa imeshaanguka huwakuta wenzake wote wamekimbilia bonde lilelile, na kwato zinamaliza kilichobaki.

Nyasi hukatwa Agosti na Septemba, na hapa hesabu ndiyo huangusha wengi. Kondoo wa kilo 50 akilishwa kwa shibe hula kama kilo moja na nusu ya nyasi kavu kwa siku. Kondoo 300 kwa siku 100 ni tani 45, mzigo ambao familia haiwezi kuukata wala kuununua. Basi akiba ni ya waliochaguliwa: majike wenye mimba, wa mwaka wa kwanza, na waliokonda. Sitini kati yao wakipewa nusu kilo kila mmoja kwa siku 100 ni tani 3, na hilo linawezekana. Waanze kupewa wakiwa bado wanatembea kwenda malishoni. Aliyekwisha lala chini ni vigumu kumwinua. Pumba na nafaka zianze kwa kiganja na kuongezwa polepole kwa siku kumi hivi, la sivyo tumbo lisilozoea huchachuka na mnyama hufa akiwa ameshiba.

Wazee huhesabu baridi kwa tisa tisa, siku 81 kuanzia Desemba 22. Ya tatu na ya nne ndizo kali, zinazosemwa kugandisha pembe za fahali. Lakini anayepanga akiba iishe na tisa ya mwisho, katikati ya Machi, ameziacha siku mbaya zaidi bila akiba.

Zizi lielekee kusini, mgongo kwa upepo wa kaskazini-magharibi. Sakafu iwe samadi iliyokaushwa kiangazi, kwani mbichi huganda na kunyonya joto la mnyama aliyelala. Paa liwe na tundu la hewa. Mvuke ukikosa pa kutokea huilowesha sufu, na sufu iliyolowa haihifadhi joto. Wasisongamane kupita kiasi, wa chini hukosa pumzi.

Madume ya kondoo hufungwa kitambaa tumboni wasipande hadi Novemba, ili baada ya mimba ya siku 150 hivi wana-kondoo wazaliwe Aprili. Novemba hiyohiyo ndiyo ya kupunguza kundi: angalia meno, toa wakongwe, matasa na wanaochechemea. Wakati huo wana nyama, na nyama hujigandisha yenyewe nje. Januari ngozi ndiyo iliyobaki ya kuuza.

Bima ya mifugo, iliyoanza kwa majaribio mwaka 2006, inunuliwe mapema, ikieleweka kwamba inalipa kwa kiwango cha vifo vya wilaya nzima. Aliyepoteza 80 katika wilaya iliyosalimika halipwi. Ile iliyoanza Marsabit, Kenya, mwaka 2010 hutazama ukijani wa malisho kwa setilaiti, lakini kasoro yake ni jamaa na hiyo.

Kashmiri huchanwa majira ya kuchipua, deni likiwa limebana. Dhaifu wachanwe mwisho, na mavazi ya kuwafunika yawe karibu: dhoruba moja baada ya kuchana huua mbuzi waliokwisha kuivuka baridi yote.