Kuelewa Mwenendo Usio wa Kawaida kwenye Ruta ya Nyumbani

Taa za ruta zikimetameta usiku wa manane ilhali wote wamelala, au bando likiisha mapema kuliko ilivyozoeleka, usikimbilie kubadili nenosiri la waifai, kwa sababu vifaa vyote vitakatika kwa pamoja na hutajua kilichokuwa kikitumia mtandao.

Fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (anwani sahihi kwa kawaida imeandikwa kwenye kibandiko cha ruta), ingia, kisha utafute orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uilinganishe na vilivyomo nyumbani, bila kusahau televisheni na kamera. Kifaa kisicho na jina si lazima kiwe cha jirani. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi hujificha kwa anwani ya MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) ya kubuni, ambayo tarakimu au herufi yake ya pili huwa 2, 6, A au E. Vilevile, ukikuta anwani 224.0.0.251 au 239.255.255.250 kwenye orodha ya matukio ya ruta (logi), usihangaike: hivyo ni vifaa vyako vinavyotafutana humo humo ndani.

Kinachostahili kuchunguzwa zaidi ni data inayotoka. Simu iliyo kwenye chaji inaweza kuwa inapakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, jambo la kawaida kabisa. Lakini kamera inayotuma data nyingi mfululizo bila mtu kuitazama inatia shaka. Zima kifaa kimoja kimoja, ukisubiri dakika chache kila mara, mpaka mtiririko ukome.

Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani, kisha kikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani. Kwa kuwa kilikaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kifaa (RAM), kuzima na kuwasha kulikiondoa, ila kilirudi upesi pale nenosiri lilipobaki lilelile. Kwa hiyo kitenge kifaa unachokishuku na intaneti, kizime, kiwashe, na ubadili nenosiri lake kabla ya kukirudisha.

Mwisho, kagua mipangilio ya DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Ukikuta namba zisizo za mtoa huduma wako wala si zile ulizoweka mwenyewe (kwa mfano 8.8.8.8 au 1.1.1.1), huenda ruta yenyewe imeingiliwa: irejeshe katika hali ya kiwandani, sasisha programu yake, weka nenosiri jipya la msimamizi, kisha uzime WPS (kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila nenosiri la waifai) na usimamizi wa mbali (kuingia kwenye ruta kutoka nje kupitia intaneti).