Kuchagua kamshafti ya pikipiki ya safari ndefu, usidanganywe na hosi pawa

Juzi nimemsaidia jamaa mmoja mwenye Harley ya injini ya Milwaukee-Eight 107, alikuwa keshaamua kununua kamshafti (ile shafti inayofungua na kufunga vali za injini) yenye hosi pawa kubwa kuliko zote alizoziona. Nikamwambia ngoja kwanza kaka, hilo shimo mimi nilishaingia.

Hatua ya 1: jua RPM zako

Pakia kama unavyopakia safarini, abiria nyuma, maboksi yamejaa, gia ya juu, halafu angalia takometa, ile saa ya RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Wengi wetu tunaishi kati ya 2,000 na 3,500. Sasa 107 inakata kwenye 5,500 hivi, ukifunga kamshafti inayoanza kuvuta vizuri kwenye 4,000 utaifaidi ukiovateki tu, basi.

Hatua ya 2: jua injini yako

Injini ya Harley ya Twin Cam ina kamshafti mbili, Milwaukee-Eight ina moja. Jua cc, jua kompresheni (inabana hewa na mafuta kiasi gani), jua kama vichwa vya silinda vimeshaguswa na fundi.

Hatua ya 3: soma karatasi ya kamshafti

Hapa ndo palinimaliza. Namba ya kwanza kutafuta sio lifti (vali inanyanyuka kiasi gani) wala hosi pawa, ni digrii za mzunguko wa injini ambazo vali ya inteki, ile ya kuingiza hewa na mafuta, inafunga baada ya pistoni kufika chini kabisa. Kwa nini? Pistoni inaanza kupanda huku vali bado iko wazi, ukiwa RPM ndogo ile hewa na mafuta inasukumwa kurudi ilikotoka, unabana kidogo, pikipiki inakuwa nzito. RPM kubwa hewa ina kasi yake, inaendelea kuingia hata kama pistoni inapanda, ndo maana kamshafti za kufunga kwa kuchelewa zinatamba huko juu. Kwa mzigo na kompresheni ya kiwandani mimi natafuta 30 hivi, ikipungua kidogo sina neno. Ikizidi 40 inataka kompresheni kubwa, la sivyo utakuwa unashusha gia kila kilima. Ila usikimbilie kufunga mapema mno kwenye injini iliyopandishwa kompresheni, siku ya joto na mzigo itagonga, yaani mafuta yatajilipukia yenyewe ndani.

Sasa sikia kilichonipotezea jioni nzima na bado nikakosea. Nilikuwa na karatasi mbili, moja inteki inafunga 42, nyingine 48, nikachukua ya 42 nikijua inafunga mapema. Kumbe ya 42 ilipimwa lifta (kipande kinachosukumwa juu na kamshafti) ikiwa imenyanyuka inchi 0.053, ile ya 48 ilipimwa kwenye 0.020! Ukipima kwenye mnyanyuko mdogo digrii zinaonekana nyingi, kwa hiyo ile niliyoiacha ndo ilikuwa inafunga mapema. Kamshafti nyingi za Harley zinapimwa kwenye 0.053, lakini usidhani tu, tafuta hiyo namba kwenye karatasi, wengine wanaiandika kwa maandishi ya sisimizi huko chini, na isipokuwepo kabisa mimi siinunui. Hakikisha na hesabu pia: inteki inafungua digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, inafunga 30 baada ya kufika chini, basi 10 + 180 + 30 = 220. Isipolingana na jumla ya digrii za kukaa wazi walizoandika, kuna namba za vipimo viwili zimechanganywa.

Angalia pia muda ambao vali zote ziko wazi kwa pamoja. Inteki ikifungua 10 kabla ya juu na ekzosi, vali ya kutoa moshi, ikifunga 10 baada ya juu, ni digrii 20. Zikiwa nyingi unapata ule mngurumo wa kudundadunda ambao watu wanaupenda injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kuvuta gesi, ukisimama kwenye taa. Mimi nikiwa safari ya siku nzima siutaki.

Hatua ya 4: springi

Lifti iwe ndani ya uwezo wa springi za vali ulizonazo. Ikizidi, nunua springi zake pamoja.

Hatua ya 5: kufunga

Kava unajua kufungua. Beringi ya ndani badilisha, ushafika huko unaiachaje. Pushrodi (fimbo zinazosukuma kutoka lifta kwenda juu kwenye vali) za kurekebisha urefu nazipenda kwa sababu hufungui kava za juu ya vichwa, ila ukishairefusha subiri lifta ivuje oili mpaka pushrodi izunguke kwa vidole ndo uzungushe injini, vali ikikaa wazi inaweza kukutana na pistoni.

Hatua ya 6: tuni

Ramani ya mafuta ya zamani, ile inayoiambia injini ipige mafuta kiasi gani, haifai tena. Mwambie fundi wa tuni atumie muda mwingi chini ya 3,500 na sio kuvuta full kwenye dyno, mashine ya kupima hosi pawa, akupe karatasi ya kujivunia. Jamaa yangu alirudishwa mara mbili kwa sababu ya mtikisiko kwenye 2,200, wakarekebisha mafuta hapo, ukaisha.