Kupanga safari ya boti ya mashine kutoka Lamu hadi Kiwayu bila kukwama Mkanda

Mwongozo huu ni wa mwenye boti ya faiba na mashine ya hospawa 40 anayetaka kuwapeleka watu Kiwayu na kuwarudisha salama. Kutoka mji wa Lamu ni kama kilomita 50. Bahari ikitulia na mzigo ukiwa wa kiasi, weka saa mbili. Njia ninayoieleza ni ya ndani: mfereji wa Mkanda, Ghuba ya Manda, upande wa bara wa kisiwa cha Pate kupita Faza, kisha Ndau na Kiwayu. Njia ya nje, ya kutokea Shela na Ras Kitau, waachie wenye vyombo vikubwa na manahodha walioizoea. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, usiifikirie kabisa.

Hatua ya 1: Msimu

Miezi mizuri ni Oktoba, Novemba na Machi, upepo unapobadilika na bahari kutulia. Kaskazi ikishika, unaweza kwenda, lakini upepo utakuwa usoni hadi Kiwayu na abiria watalowa. Kurudi ndiko kutakuwa raha. Kusi ikichachamaa, hasa Juni na Julai, ahirisha. Angalia pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya jioni ya kabla ya safari. Wakitoa onyo la upepo mkali pwani, safari imekwisha hapo.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa maji

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa sababu watu hupanga siku kwa kuangalia ndege ya mgeni inatua Manda saa ngapi. Panga maji kwanza, ndege baadaye.

Mkanda ni njia nyembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakipwa, pembeni hubaki matope na katikati ufito wa maji usiotosha kuizungusha propela. Swali la kujiuliza ni moja: nitafika Mkanda maji yakiwa wapi?

Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi kumi na tano, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka karibu saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Sasa mwangalie mgeni wa kawaida: anakunywa chai, anataka kuondoka saa 3 asubuhi. Siku ya bamvua hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Chukua tofauti ya mita 3 kati ya kujaa na kukauka. Saa ya kwanza baada ya kujaa yatashuka kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Saa mbili za mwanzo hudanganya: maji yanaonekana bado yapo, halafu yanakukimbia ghafla. Boti ikigusa chini saa tatu baada ya maji kujaa, haitaelea mpaka maji yarudi pale pale yakijaa, yaani saa sita baadaye. Maji yaliyojaa saa 10 alfajiri yakikukwamisha saa 1 asubuhi, utaelea karibu saa 7 mchana, na abiria wako kwenye jua bila kivuli. Ukigusa maji yakiwa yanajaa, ngoja tu, baada ya muda mfupi unaendelea. Ndiyo maana nasisitiza: Mkanda upite katika saa mbili za mwisho za kujaa, au ndani ya saa moja na nusu baada ya kujaa. Nje ya hapo usiingie.

Siku ninazozipenda ni ya tatu na ya nne baada ya mwandamo au baada ya mwezi kumi na tano. Siku hizo maji hujaa kati ya saa 12 na saa 1 na nusu asubuhi. Unaondoka kukipambazuka na unapita maji yakiwa juu. Maji mafu, karibu mwezi nane na mwezi ishirini na mbili, nayo ni mazuri: hujaa kuelekea saa 4 au 5 asubuhi na hayashuki sana, kwa hiyo hata mgeni mwenye kuchelewa chai anawezekana. Siku ya bamvua yenyewe iruke. Asubuhi maji yanakimbia kabla hujaona njia, na ukingoja yajae jioni, utafika Kiwayu giza likikaribia.

Hakikisha saa unazosoma ni za hapa. Jedwali la maji la Kilindini, Mombasa, linatosha kwa kupangia, lakini huandika saa za kizungu: 0930 ni saa 3 na nusu asubuhi. Programu za simu ni hatari zaidi, kwa sababu nyingine huonyesha saa za Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kosa la saa tatu ni nusu ya safari ya maji. Jaribu hivi: siku moja kabla, nenda gatini wakati programu inaposema maji yamejaa, utazame ngazi. Kama maji bado yanapanda kwa kasi, au ngazi ina alama mbichi ya maji juu ya usawa wa bahari, programu inakudanganya. Mzee yeyote wa gatini ni bora kuliko programu. Mwamkie, muulize, kisha linganisha.

Ndani ya Mkanda kwenyewe, punguza mwendo, mtu mmoja akae omo, mbele ya boti, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akipima. Sipendi mashine ya kupimia kina katika maji yale ya tope, upondo haukosei. Mkikwama, asiruke mtu chini kusukuma bila viatu: chaza kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe.

Hatua ya 3: Mafuta

Theluthi kwenda, theluthi kurudi, theluthi akiba. Mashine ya hospawa 40 ya kuchanganya oili, ikiwa na mzigo, hula kama lita 15 kwa saa. Saa mbili kwenda ni lita 30, basi beba lita 90. Mchanganyiko wa kawaida ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, kwa hiyo lita 90 zinataka oili lita 1.8, lakini fuata kitabu cha mashine yako, na mashine mpya huhitaji oili zaidi. Chuja petroli yote unapomimina. Mtungi wa lita 20 usiujaze hadi juu, jua litaufurisha.

Hatua ya 4: Mashine na vifaa

Plagi za akiba na spana yake, pini ya propela kama mashine yako ni ya pini, nanga na kamba ndefu, makasia mawili, ndoo ya kutolea maji botini, tochi, maji ya kunywa. Boya la kuvaa kwa kila mtu, la watoto liwe la watoto. Chagua maboya ya sponji. Yale ya kujaza hewa chumvi huyala. Redio ya VHF iwe chaneli 16, kwani mtandao wa simu hukatika njiani. Nahodha afunge kamba ya kuzimia mashine mkononi muda wote.

Mashine ikiwaka, tazama mchirizi wa maji ya kupoza. Ukitoka Mkanda utazame tena, tope huziba tundu lake. Mchirizi ukikatika, zima papo hapo, inua mashine, zibua kwa waya mwembamba. Ukiendelea dakika chache tu, impela inaungua.

Ikizima yenyewe, tupa nanga kwanza, kwa sababu mkondo haukungoji. Kisha angalia kwa mpango huu: kamba ya kuzimia imechomoka? Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi imefunguliwa? Mpira wa kupampia mafuta ni mgumu ukiubinya? Hosi imejipinda? Plagi mwisho. Mara nyingi ni ile skrubu.

Hatua ya 5: Ruhusa na taarifa

Pita polisi au ofisi ya BMU, kamati ya wavuvi ya ufukwe, uulize kama kuna amri ya usalama kwa upande wa Kiunga. Kiwayu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979 na iliyo chini ya KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya. Uliza ada mapema. Mwachie mtu mmoja mjini karatasi yenye majina ya abiria, njia, saa ya kufika, na saa ambayo asipokusikia atoe taarifa.

Hatua ya 6: Ghuba ya Manda

Tangu bandari ya Lamu ianze kupokea meli mwaka 2021, kuna njia ya meli kubwa hapa. Ikate moja kwa moja, usiifuate, na meli ikija ngoja ipite mbali. Mawimbi ya bahari kuu huingia kwa mlango ulio kati ya Manda na Pate: punguza mwendo, yapokee kwa pembeni ya omo, abiria wakae chini katikati. Kukiwa kubaya, geukia Mtangawanda, kwenye kisiwa cha Pate.

Hatua ya 7: Kufika na kurudi

Nanga Kiwayu ihesabie maji ya kujaa. Penye mita 2 maji yakiwa yamekauka kutakuwa na mita 5 yakijaa, kwa hiyo toa kamba mita 25. Mpigie mtu wako wa mjini.

Kwa kurudi kesho yake, ongeza dakika 50 kwenye saa ya maji kujaa ya leo, halafu toa saa moja na nusu ya kufika Mkanda. Hiyo ndiyo saa ya kung'oa nanga. Abiria waambiwe usiku huo huo. Wakichelewa, lala Faza au Mtangawanda mngojee maji ya asubuhi. Mkanda usiku usipite.